Padri Huandaliwa Wapi? Vyuo vya Theolojia na Makanisa ya Korogwe na Handeni
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi misheni ya Kianglikana ya UMCA ilivyohamia Unguja mwaka 1864 na kuanzisha shule ya Kiungani kwa vijana waliokombolewa utumwani. Leo tuvuke bahari tuingie Bonde na Uzigua, mkoani Tanga, tuone kijana wa Korogwe au Handeni alifikaje madhabahuni.

Njia ilikuwa ndefu. Kijana alianza katika shule ya misheni kijijini. Mwenye bidii alipelekwa Magila, Muheza ya leo, kituo kilichoanzishwa mwaka 1868, na wachache wakavushwa hadi Kiungani. Huko walitoka wakiwa walimu. Mwalimu alirudi vijijini kufundisha watoto kusoma, kuandaa wakatekumeni kwa ubatizo na kuongoza sala pale ambapo padri alipita kwa nadra. Askofu aliporidhika na mwenendo wake, ndipo alipoitwa tena darasani kusomea ushemasi, na baada ya ushemasi kukawa na kungoja kwingine. Cecil Majaliwa, padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, alipata ushemasi mwaka 1886 na upadri mwaka 1890. John Swedi, shemasi tangu 1879, hakupewa upadri.

Frank Weston, padri wa misheni hiyo aliyefika Unguja mwaka 1898, aliwatenga wanafunzi wa theolojia na wale wa shule, akawaweka Mazizini katika Chuo cha Mtakatifu Marko. Baadaye masomo hayo yakahamia Hegongo, jirani na Magila. Hapo ndipo aliposoma John Sepeku, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana Tanzania mwaka 1970.

Wapo wanaosema kungoja huko kwa muda mrefu kabla ya upadri kulitokana na wazungu kutowaamini Waafrika. Hoja hiyo ina uzito, kwani uaskofu ulikaa mikononi mwa Waingereza kwa muda mrefu mno. Hata hivyo, miaka ya ualimu ilizaa matunda. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliotawala nchi waliwazuia wamisionari Waingereza na kuwafunga minyororo mapadri na walimu wenyeji kwa tuhuma za kumsaidia adui. Padri Samwel Sehoza ameyasimulia mateso hayo katika kitabu chake, Mwaka katika Minyororo. Aliyejua imani kwa maneno ya darasani tu asingevumilia. Waliovumilia walikwishaishi na waumini, wakala nao njaa na kuzika nao wafu.

Leo makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Tanga yapo Korogwe, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa Dodoma mwaka 2007, kinatoa shahada za theolojia. Ni hatua ya kushukuru. Lakini shahada haimfundishi mtu kukaa na mgonjwa wa Kideleko, Handeni, wala kusuluhisha ugomvi wa shamba. Kwa hiyo napendekeza wazi: asipelekwe chuoni mtu ambaye hajafanya kazi ya ukatekista mtaani, chini ya macho ya waumini, na waumini hao waulizwe kabla askofu hajaweka mikono. Wanaobeba gharama za masomo yake kwa sadaka wana haki hiyo.

Wiki ijayo tutaingia madrasa, tuone jinsi mwalimu wa Kurani anavyopata idhini ya kufundisha.

(Itaendelea)