Fildi ya mwanafunzi wa fedha: Mafia nako kuna mlango

Leo tunazungumza na wazazi wa Kisiwa cha Mafia, na wote wenye vijana vyuoni, kuhusu jambo linaloonekana dogo mpaka siku yake ifike, nalo ni mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana wetu huyaita fildi.

Mwanafunzi wa shahada ya fedha au uhasibu kwa kawaida hutakiwa kukaa ofisini kwa majuma kadhaa wakati wa likizo ndefu, akajifunza kazi na kuandika ripoti inayotolewa alama. Chuo humpa barua ya utambulisho, lakini kuitafuta ofisi mara nyingi ni juu yake mwenyewe. Hapo ndipo mtoto wa mjini anapomtangulia mwenziwe wa kisiwani, kwani wa kwanza ana mjomba benki, na wa pili ana bahasha mkononi tu.

Mzazi aliyemsomesha mwanawe kwa nazi, pweza na mwani hujikuta akitafuta tena fedha za chumba na nauli jijini Dar es Salaam. Ofisi nyingi hazimlipi mwanafunzi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa fedha za mafunzo hayo, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika wake.

Lipo pia suala zito la dini. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakumlaani mla riba peke yake, bali pamoja naye mtoaji, mwandishi na mashahidi wawili. Wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana juu ya ajira katika benki za riba, na kila familia imuulize mwanachuoni inayemwamini. Sisi tunasema kwamba kijana asifikishwe kwenye dharura ilhali milango mingine haijabishwa.

Mlango wa kwanza uko Kilindoni. Halmashauri ya Wilaya hukusanya mapato, hupanga bajeti, hulipa wazabuni na ina wakaguzi wake wa ndani. Hiyo yote ni elimu ya fedha. Tena, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na urejeshaji wake hafifu ulikuwa miongoni mwa malalamiko. Basi ni ripoti gani yenye manufaa zaidi kuliko ya mwanafunzi atakayechunguza kwa nini kikundi kimoja hulipa na kingine hakilipi? Na binti anayefanya kazi hiyo hulala nyumbani kwao.

Mlango wa pili ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo hutoza ada za wageni. Wa tatu, kwa anayetaka benki, ni zile zinazofuata sharia: Benki ya Amana ilianza mwaka 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ina huduma za namna hiyo.

Enyi vijana, andikeni barua miezi 4 au 5 kabla, wala msingoje mitihani iishe. Itajeni idara mnayoitaka na kazi mnazoziweza, kisha fuatilieni kwa adabu. Pelekeni maombi ofisi 3 au zaidi, kwani nafasi za kisiwani ni chache. Nanyi wakuu wa ofisi, mpeni mwanafunzi daftari la hesabu; msimfanye mchemsha chai.

Tukumbuke kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni kwa uadilifu. Anayejifunza kuhesabu mali za watu bila kudhulumu anajifunza amana. Tumsaidie aipate nafasi hiyo.

Wallahu a'lam.