Kazi za hoteli: mkimya naye ana nafasi

Nyumba za wageni za Mnazi Mmoja na Kariakoo hupokea wafanyabiashara kutoka mikoani, Zambia na Kongo. Vyumba vikijaa, mhudumu wa mapokezi humpigia mwenzake: "Dada, nakuletea mgeni." Kufahamiana kikazi huanzia hapo.

Mchangamfu hupata namba nyingi haraka. Mkimya hupata chache, lakini akitimiza ahadi hukumbukwa nafasi ikitokea. Mwaka 1973 Mark Granovetter wa Marekani alionyesha kuwa habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kidogo tu, si marafiki wa karibu.

Basi tusimkatishe tamaa kijana mkimya. Ajizoeze kusalimia kwanza, kuhifadhi namba pamoja na jina la hoteli, na kupiga simu aliyoahidi.