Umebakiza Kozi Mbili za Hisabati: Uzilipie Wapi?

Wanaotaka kuhamia shahada ya sayansi ya kompyuta huko California huanza hesabu zao kwenye bei ya yuniti. Bei hiyo haina shida. Koleji za jamii humtoza mkazi wa jimbo dola 46 kwa yuniti, na haijapanda tangu 2012. Kozi ya kalkulasi ya yuniti nne ni dola 184. Hata anayepanga maboksi ghalani zamu ya usiku anaimudu.

Kinachomaliza pesa ni foleni ya kozi. Kalkulasi ya pili huigusi kabla ya kumaliza ya kwanza. Aljebra ya matriksi nayo husubiri kalkulasi, na miundo ya data husubiri kozi ya kwanza ya kuandika programu. Aliyekosa kozi ya chini kabisa anaweza kupoteza mwaka mzima, na kodi ya chumba ya mwaka Oakland au Los Angeles inaimeza ada yote ya koleji mara kadhaa. Basi kabla ya kuuliza bei, uliza kozi ipi inazifungia nyingine njia, na ni wapi utaipata mapema kuliko kwingine. Hiyo ndiyo ya kulipia kwanza, hata kama kwa muhula mmoja itakugharimu zaidi.

Ramani ya foleni hiyo ni ya bure. Iko ASSIST, tovuti rasmi ya jimbo inayoonyesha kozi ya koleji yako inalingana na ipi ya chuo kikuu unachokitaka. Isome kama mkataba wa nyumba. Ukiona kozi mbili zimefungwa pamoja kwa neno "na", usizigawe: nusu ukisomea koleji hii na nusu ile, unaweza kulipia zote na isihesabiwe hata moja. Mtego huu hunasa zaidi kwenye fizikia. Angalia pia aina ya alama. Kozi za maandalizi ya shahada zinataka alama ya herufi, C au zaidi. Ile ya kuandikiwa "amefaulu" tu haitakusaidia.

Njia ya kwanza ni kubaki koleji na kumaliza. Ndiyo rahisi kuliko zote, na mwenye kipato kidogo anaweza kufutiwa hata hizo dola 46 kupitia ruzuku ya jimbo. Ruzuku hiyo lakini haigusi ada ya afya, maegesho wala vitabu. Hapa ndipo wengi huumia. Kozi ya dola 184 hukutana na kitabu chenye nambari ya siri ya kufungulia mazoezi ya mtandaoni, na nambari hiyo peke yake inaweza kufikia dola 100. Ya mitumba haifai, kwa sababu ikishatumika imekufa. Kwenye ratiba ya masomo tafuta madarasa yenye alama ya kutokuwa na gharama ya vitabu. Yapo, ila hujaa siku za mwanzo.

Kozi ikiwa imejaa kwako, usikae muhula mzima ukiisubiri. Mkazi wa jimbo anaweza kuichukua mtandaoni kwenye koleji nyingine ya California kwa bei ileile, na mfumo wa California Virtual Campus huonyesha ipi ina nafasi. Baadhi ya koleji pia zina muhula mfupi wa Januari na wa kiangazi. Kalkulasi ya pili kwa wiki sita ni kazi ya kutwa, kwa hiyo mwenye ajira ya saa 40 asijidanganye. Kozi ya kwanza ya programu anaweza kuimudu.

Njia ya pili ni kununua kozi mojamoja kwenye vitengo vya masomo ya ziada vya vyuo vikuu. Ratiba zao zina nafasi na jina linapendeza machoni, lakini kozi moja mara nyingi hupita dola 1,000, na msaada wa serikali kwa kawaida haufiki huko. Ninaikubali kwa hali moja tu: imebaki kozi moja, koleji zote zimejaa, na bila hiyo unapoteza mwaka. Hapo dola 1,000 ni nafuu. Wa kozi tatu asipite hata mlangoni.

Ya tatu ni mitihani ya CLEP, ambayo kwa takriban dola 100 na ada ya kituo hukuvusha hisabati ya maandalizi au kalkulasi ya kwanza bila kukaa darasani. Mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, CSU, huitambua. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, UC, hautoi yuniti kwa mitihani hiyo. Usilipe kabla hujaamua unaelekea upande upi.

Njia ya nne ndiyo inayohitaji kalamu na karatasi: kuhama hivyohivyo na mapengo yako, ukayazibe huko. Kwenye UC futa wazo hilo. Nafasi za kompyuta zinagombewa, na kozi zinazotakiwa lazima ziishe kufikia muhula wa mwisho kabla ya kuingia. Kwenye CSU inategemea kampasi. San José ina msongamano na huchuja. Zisizo na msongamano huweza kukupokea kama umetimiza masharti ya jumla. Ila tazama bei. Ada ya CSU kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 6,450, yaani 3,225 kwa muhula, bila ada za kampasi. Kozi mbili zile zile zingekugharimu dola 368 koleji. Zikikuongezea muhula mmoja tu chuoni, umezilipia karibu mara tisa. Kwenye UC, ambako mkazi hulipa karibu dola 15,000 kwa mwaka, hesabu ingekuwa chungu zaidi.

Ipo na njia ya ujanja: ingia kwa shahada nyepesi kupata, kisha ubadilishe ukiwa ndani. Sishauri. UC Berkeley na UC San Diego, kwa mfano, humpitisha anayetaka kuingia kompyuta kutoka shahada nyingine kwenye mchujo wa ushindani. Ukikosa, umekwama na shahada usiyoitaka kwa bei ya ile uliyoitaka.

Kwa waliosoma nyumbani Afrika Mashariki kuna akiba inayosahaulika. Kijana aliyefanya hisabati ya juu kidato cha sita Tanzania au Uganda hana haja ya kuanza tena hisabati ya maandalizi, lakini mshauri asiyeona cheti anaweza kumwanzisha chini. Kutathminiwa kwa vyeti vya nje kozi kwa kozi kwa kawaida hugharimu dola mia moja na zaidi. Ni karibu bei ya kitabu kimoja, na huweza kuokoa muhula. Kabla ya kulipa, uliza koleji inakubali tathmini ya kampuni zipi.

Mwanafunzi wa viza ya F-1 hesabu zake ni nyingine kabisa. Juu ya zile dola 46 hulipa ada ya asiye mkazi, ambayo kwenye koleji nyingi ni dola mia tatu na zaidi kwa yuniti, na lazima abebe yuniti 12 kila muhula wa kawaida. Kati ya hizo, kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Akihamia UC, nyongeza ya asiye mkazi peke yake hupita dola 37,000 kwa mwaka. Mzazi anayetuma pesa kutoka Nairobi aombe mpango wa mihula yote kwa maandishi kabla ya kulipa wa kwanza.

Maombi ya UC ya kuingia msimu wa vuli hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za kwanza za Desemba, dola 80 kwa kila kampasi, 95 kwa mwombaji wa kimataifa. Mkazi mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada ya kampasi nne. Kozi utakayoisoma Januari au muhula unaofuata iandike kwenye fomu kama iliyopangwa, kisha ujaze marekebisho ya alama mwezi wa Januari. Na ukiona darasa la muhula wa kawaida linakushinda, liache ndani ya wiki mbili za mwanzo: baada ya hapo koleji nyingi hubaki na ada yako.