Kutoswa Katika Lugha

Wapo wasemao kwamba njia ya mkato ya kujua lugha ya kigeni ni kumtosa mtu ndani yake kama atoswavyo mtoni: ataogelea apende asipende. Mimi nakubali, lakini nusu tu. Wacha nieleze.

Katika mji wa Saint-Lambert, karibu na Montréal nchini Kanada, wazazi wasemao Kiingereza waliona watoto wao wakifunzwa Kifaransa miaka nenda miaka rudi, na bado hawawezi kuongea na jirani. Wakasumbua wakubwa wa elimu hadi likafunguliwa darasa la chekechea la watoto 26, mwaka wa 1965. Humo mwalimu alisema Kifaransa tupu. Si somo la Kifaransa, la hasha! Nyimbo, michezo na baadaye hesabu, vyote kwa Kifaransa.

Linalonifurahisha ni kwamba mwanzoni mtoto aliruhusiwa kujibu kwa Kiingereza. Mwalimu alimwelewa, akamrudishia kwa Kifaransa. Hakuna aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mamake, kama walivyovishwa wazee wetu enzi za ukoloni. Na Kiingereza chao hakikudhoofika. Baada ya miaka michache walikuwa sawa na wenzao.

Je, Kifaransa? Kusikiliza na kusoma, walikaribia wenyeji kabisa. Lakini kusema na kuandika, makosa chungu nzima: nomino za kike wanazifanya za kiume, nyakati za vitenzi zinavurugika. Mtaalamu Merrill Swain alieleza mwaka wa 1985 kwamba wanafunzi wa aina hiyo walisikia mengi ila hawakusukumwa kusema ya kutosha. Ukisikiliza, waweza kubahatisha maana kwa neno moja moja. Ukisema, sharti uunge sentensi nzima wewe mwenyewe, na hapo ndipo unapogundua kilichopungua.

Basi wengi wetu tuliolelewa kwa lugha nyingine nyumbani, Kiswahili sanifu kwetu ni kama Kifaransa hicho. Taarifa ya habari tunaielewa yote. Kusema ni balaa. Siku ya Kiswahili hapa shuleni watu hunyamaza ji hadi kengele ya jioni, eti wasije wakaandikwa majina na kufyeka nyasi. Huko si kutoswa, ni kuketi ukingoni. Naomba chama chetu kiondoe adhabu hiyo, na kila siku hiyo wanafunzi watano wapewe dakika mbili mbili gwarideni watueleze lolote, hata bei ya sukumawiki.