Kimbia Na Jina Mgongoni

Jiulize kitu kimoja kabla hujasonga. Mara ya mwisho ulipolipia tisheti ya mbio, ulikuwa unamkimbilia nani? Wengi wetu tunakimbia kwa ajili ya medali na picha ya kuposti Jumapili jioni. Hakuna ubaya. Lakini kuna mbio ambazo vijana wa Kenya bado hatujazizoea, za kumkumbuka mwanajeshi na watu aliowaacha nyumbani. Mimi naona mahali pa kuzianzisha ni Masalani.

Usianze kutafuta ramani, nitakuelekeza. Masalani ni mji wa Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana. Ukielekea mashariki unakutana na msitu wa Boni, halafu mpaka wa Somalia. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni ya kuwasaka Al-Shabaab msituni. Kwako Nairobi vita hivyo ni habari ya saa moja. Kwa mtu wa Ijara ni barabara anayopitia akienda sokoni.

Wazo la kukimbia kwa ajili ya wanajeshi lina historia inayotugusa kuliko unavyodhani. Unazijua mbio za Comrades za Afrika Kusini? Zile za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg? Zilianzishwa na Vic Clapham, dereva wa treni aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Clapham hakupigana Ufaransa. Aliletwa huku kwetu Afrika Mashariki, akatembea kama kilomita 2,700 wakimfukuza Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Jua letu na malaria yetu alivijua vizuri. Aliporudi kwao aliomba ruhusa ya kuandaa mbio ngumu za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Akakataliwa 1918, akakataliwa tena mara mbili, mpaka akakubaliwa 1921. Tarehe 24 Mei mwaka huo walianza wanaume 34, wakamaliza 16.

Stori tamu, sivyo? Sasa shika upande wa pili. Wenzake Clapham hawakutembea mikono mitupu. Chakula chao na risasi zao zilibebwa na Waafrika. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wabebaji mizigo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu yao, ila majina yao hutayaona. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Na zile mbio zenyewe? Mpaka 1975 Mwafrika mweusi hakuruhusiwa kushiriki rasmi, wala mwanamke. Robert Mtshali alikimbia 1935 akamaliza, lakini hakuandikwa kwenye matokeo. Unaona shida iko wapi? Unaweza kuandaa kumbukumbu nzuri sana na bado ukawaacha nje watu walioibeba vita mabegani.

Hapo ndipo Masalani inaponiingia akilini, kwa sababu hata sisi tuna majina ambayo hatuyataji. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilishambuliwa. Tarehe 27 mwezi huo ibada ya kumbukumbu ilifanyika Eldoret, marais wa Nigeria na Somalia wakahudhuria. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile 27 Januari, kambi ya Kulbiyow karibu na mpaka wetu ikashambuliwa. Kwa miaka mingi serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa El Adde. Sasa fikiria wewe ni mama. Umezika mtoto, na nchi inabishana ni mia au zaidi ya mia. Mtoto wako amekuwa sehemu ya ubishi wa namba.

Kwa hiyo pendekezo langu ni rahisi. Kila anayekimbia avae jina la mtu mmoja mgongoni. Jina lisitolewe mtandaoni. Liombwe nyumbani kwake. Nenda ukae, unywe chai, umwambie hooyo, au mama kama familia ni ya Kisii au Kakamega na uko kwenye simu, kwamba ungependa kumkimbilia kijana wake. Akikataa, shukuru uondoke. Akikubali, muulize alipenda nini, alikuwa anacheka vipi. Hayo utayabeba kilomita zote.

Usiwasahau walio hai pia. Kuna waliorudi wakiwa na majeraha yanayoonekana na yasiyoonekana. Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, lakini sheria haimtembelei mtu nyumbani. Halafu kuna ambao sheria hiyo haiwataji kabisa: askari wa akiba wa vijijini na polisi waliolipukiwa na mabomu ya kutegwa barabarani. Hao tusiwafanye Kariakor ya pili. Jina ni jina.

Lazima nikwambie na jambo zito. Kaskazini Mashariki, sare ya serikali haina historia moja. Wazee wa Garissa wanakumbuka Bulla Kartasi, Novemba 1980. Wa Wajir wanakumbuka Wagalla, Februari 1984. Raia waliuawa na vyombo vya usalama, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Wakati huo huo, Garissa hii hii ndiyo iliyotupa Jenerali Mahmoud Mohamed, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1986 hadi 1996. Yote mawili ni kweli. Ukija Masalani na mabango ya kusifu bunduki, mzee atakuangalia tu, atakaa kimya, na utakuwa umempoteza. Ukija na jina la mtoto wa mtu, hata mzee aliyeumizwa na sare anaelewa msiba ni nini. Kaa naye kwanza. Na akitaka jina la ndugu yake wa 1980 livaliwe pia, mimi sioni kwa nini akataliwe.

Sasa tuingie kazini. Marathoni ni kilomita 42.195, na jua la Ijara halina mchezo. Usijitie ushujaa. Fanyeni kupokezana: watu wanane, kila mmoja kilomita 5. Hizo ni 40. Zile 2.195 za mwisho zisikimbiwe na mtu. Zitembelewe na wote kwa pamoja, wakimbiaji, familia, wanajeshi wastaafu, watoto. Hapo ndipo mbio zenyewe zilipo.

Anzeni baada ya sala ya alfajiri, kukishapambazuka, ili kufikia saa nne mmemaliza. Kimbieni kwa mizunguko ndani ya mji, msitoke kwenye barabara za mbali. Chifu na kituo cha polisi wajulishwe mapema kwa barua, kwa sababu kundi la vijana wanaokimbia gizani karibu na Boni si mzaha. Maji yawe kila kilomita mbili na nusu. Dada akitaka kukimbia na hijabu na sketi ndefu, akimbie hivyo hivyo, hakuna sare ya lazima. Mbio zianzishwe kwa kipenga. Fataki na baruti zikae mbali, kwa sababu kuna mtu pale atakayeruka akisikia mlio huo. Mwisho iwe dua, na sala kwa familia za Kikristo, kisha kila jina lisomwe kwa sauti. Pesa ikipatikana, familia ndizo ziamue inaenda wapi.

Tarehe? Siku ya KDF ni 14 Oktoba. Na kama hujui, tarehe 13 Oktoba 1968 kule Mexico, Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Temu alikuwa mwanajeshi. Kukimbia na jeshi ni ndugu wa zamani katika nchi hii.

Huhitaji mdhamini wala jukwaa. Unahitaji watu wanane, kipenga, maji, na ujasiri wa kubisha hodi kwenye nyumba moja. Anza na hiyo nyumba. Viatu utatafuta baadaye.