Je, Wajua? Ruta ya Kujiundia na Kadi Zake

Je, wajua kwamba kompyuta ya mtumba iliyotolewa ofisini inaweza kulinda mtandao wa nyumba yako hapa Gisenyi vizuri kuliko kile kiboksi ulichopewa pamoja na laini ya intaneti? Unaiwekea programu ya bure kama OPNsense, pfSense au IPFire, kisha unaipa kadi mbili za mtandao. Moja inatazama nje, nyingine inatazama ndani, na kila kitu kinachotaka kuvuka hukaguliwa, kama vitambulisho vinavyotazamwa mpakani Petite Barrière kabla mtu hajaingia Goma. Programu utaipata bila shida. Kinachowaliza watu ni kadi.

Je, wajua kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi halikuambii lolote la maana? Kampuni tofauti huuza kadi tofauti zenye chipu ileile. Ishike kadi penye mwanga utazame kile kipande cheusi cha mraba. Ukiona kaa mdogo amechorwa juu yake, hiyo ni chipu ya Realtek, hata kama boksi lina jina jingine kabisa. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, haisomi boksi. Inasoma chipu.

Na chipu husomwaje? Kila moja imebeba namba mbili za kitambulisho: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya aina yenyewe. Kwenye mfumo wa Linux andika lspci -nn, kwenye mfumo wa FreeBSD andika pciconf -lv. Realtek ni 10ec, Broadcom ni 14e4. Intel walijichukulia 8086, jina la kichakato chao cha mwaka 1978.

Je, wajua kwamba OPNsense na pfSense zote mbili zimejengwa juu ya FreeBSD, na kwamba FreeBSD huipa kadi jina kufuatana na draiva yake? Ukiona em0 au igb0, ni Intel. Ukiona re0 au rl0, ni Realtek. Usipoona jina lolote, kadi haijatambuliwa, hata kama taa yake inawaka.

Bill Paul, aliyeandika draiva ya kadi za Realtek 8139 kwa ajili ya FreeBSD, aliacha malalamiko yake ndani ya msimbo wenyewe: aliona chipu hiyo imeshusha hata maana ya kitu cha bei ya chini. Alikuwa na sababu. Chipu hiyo humwaga pakiti zote zinazoingia katika bafa moja, kisha kichakato cha kompyuta hulazimika kuzinakili chenyewe, moja baada ya nyingine. Hata hivyo usiitupe. Kadi hiyo ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na kama laini yako ni ya megabiti 10 au 20, itakufaa bila kutokwa jasho.

Je, wajua kwamba kadi mbili za gigabiti zikichomekwa kwenye nafasi za zamani za PCI hugawana njia moja? Njia hiyo hubeba megabaiti 133 tu kwa sekunde, na kadi moja ya gigabiti, ikipokea na kutuma kwa pamoja, inataka karibu 250. Tafuta PCI Express.

Je, wajua kwamba pfSense iliacha kukubali vichakato vya biti 32 tangu toleo la 2.4, mwaka 2017? Na kwamba kisakinishi chake cha sasa huhitaji intaneti wakati wa kusakinisha? Kadi isipotambuliwa, kazi inakwama pale pale mlangoni.

Kubwa si bora siku zote. Chipu ya Realtek 8125, ya gigabiti 2.5, ilipata draiva ndani ya Linux toleo la 5.4 mwaka 2019, ilhali kwenye OPNsense watu wamekuwa wakiongeza draiva yake pembeni. Intel nao waliteleza: toleo la kwanza la i225-V lilikuwa na kasoro ya nafasi kati ya pakiti, na kwa baadhi ya swichi lilipoteza pakiti likikimbia kwa kasi ya 2.5. Kwa nyumba ya kawaida, i210 au i350 ya gigabiti moja inatosha. Hiyo ndiyo kauli yangu. Ila i350 na kadi nyingine za Intel zina bandia nyingi, kwa hiyo bei ikiwa ya ajabu, ishuku.

Je, wajua kwamba megabiti 100 hupita kwenye jozi mbili za nyaya, lakini gigabiti moja inahitaji jozi zote nne? Mwenyewe nilibadilisha kadi mbili, skrini ikiendelea kuniandikia 100. Nilipoikata plagi ya plastiki mwishoni mwa kebo, waya mmoja wa kahawia ulikuwa haujafika ndani. Kadi zote mbili zilikuwa nzima.

Je, wajua kwamba modemu nyingi za USB za 4G hujitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, na FreeBSD huziita ue0? Kwa sisi tunaoishi karibu na mpaka kuna la kuangalia zaidi: modemu inaweza kudaka mnara wa Goma. Namba ya nchi ya mitandao ya simu ya Rwanda ni 635, ya Kongo ni 630. Ingia kwenye ukurasa wa modemu, acha kuchagua mtandao kiotomatiki, chagua wenye 635.

Kompyuta fupi za ofisini hazipokei kadi yenye bati refu. Ulizia bati fupi. Na ikiwa mashine imetoka Marekani, tazama nyuma ya pawa: nyingi za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Hapa ni 230. Ukiwasha ikiwa kwenye 115, umeiunguza.

Je, wajua kwamba utafiti wa setilaiti wa NASA uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela? Ni takriban miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kanuni za Ethaneti zinataka kadi istahimili volti 1,500 kati ya waya na mashine. Radi hubeba zaidi ya hapo. Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa letu, chomoa waya unaotoka nje.

Je, wajua kwamba kila toleo la FreeBSD hutolewa na orodha ya vifaa vinavyokubalika? Kabla hujatoa faranga zako, andika modeli ya chipu kwenye karatasi, itafute katika orodha hiyo, na usipoiona, mrudishie muuzaji kadi yake.