Wafugaji Butiama washauriwa kufuata hatua kabla ya kuchanganya kuku wachanga na wakubwa

Kwa kaya nyingi za Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, kuku wa asili ni akiba ya karibu: akiuzwa, hupatikana fedha za daftari, sare ya shule au matibabu. Akiba hiyo huweza kupotea kwa muda mfupi iwapo kuku wachanga watafunguliwa na kuachwa wajichanganye na wakubwa bila maandalizi.

Hatari ya kwanza ni magonjwa. Kuku mkubwa anaweza kuonekana mzima ilhali amebeba minyoo au vimelea vya kuhara damu, ambavyo humdhuru zaidi kuku mchanga. Ugonjwa wa kideri, uitwao pia mdondo, hauna tiba. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu kuku wote.

Hatari ya pili ni ubabe. Katika kila kundi kuku hujuana nani wa kumpisha mwenzake. Mgeni hudonolewa na kufukuzwa penye chakula na maji. Mchanga hudumaa, au hukimbilia vichakani na kunaswa na kicheche.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni chanjo kwa makundi yote mawili, angalau wiki mbili kabla ya kuwachanganya. Chanjo ya kideri ya matone, inayozalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) mjini Kibaha, hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na jogoo vilevile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku walionunuliwa mnadani au kwa jirani watengwe kwanza kwa wiki tatu, mbali na banda.

Vifaranga wanaoongozwa na mama yao hulindwa naye. Wasio na mama wabaki peke yao hadi wamalize kuota manyoya na kukaribia umbo la wakubwa, kwa kawaida wakiwa na umri wa wiki 12 hivi. Kisha wawekwe upande wa pili wa wavu kwa wiki moja au mbili, ili makundi yaonane bila kudonoana.

Baada ya hapo wafunguliwe pamoja jioni, uwanjani, muda mfupi kabla ya kulala, na muda huo uongezwe kila siku. Vyombo vya chakula na maji viwe zaidi ya kimoja na viwe mbalimbali. Wachanga watengewe kizimba chenye matundu ambayo mkubwa hapiti, kwa kuwa chakula cha kuku wanaotaga kina madini mengi ya chokaa yanayoweza kudhuru figo zao.

Kufukuzana kidogo kwa siku chache ni kawaida. Kuku anayetoka damu aondolewe mara moja, kwani wenzake huendelea kumdonoa penye jeraha.

Dalili za ugonjwa zikionekana, mfugaji asiuze kuku wala kutupa mizoga ovyo. Mizoga izikwe au ichomwe, na taarifa itolewe haraka kwa afisa mifugo wa kata, ambaye pia hutoa maelekezo kuhusu upatikanaji wa chanjo.